Mashanza ya Murekatete

"Nani alionja?"

Kasoki alisimama penye pazia la chumba, kikombe cha bati mkononi, amekiinua usawa wa jicho. Ndani mlibaki utando mweupe, na harufu yake ya uchachu ilikuwa imekwisha kuenea nyumba nzima.

"Mama, ile ni..."

"Siulizi ni nini. Pua niko nayo. Nauliza nani alionja."

Hakuna aliyeonja. Kétsia alilijua hilo, na alijua pia mama mkwe wake anauliza nini hasa. Huku Ngungu, kama kule Butembo alikotoka Kasoki, mtu mwenye adabu hakupi kinywaji hivi hivi. Anamimina kidogo, anakunywa mbele ya macho yako, ndipo anakupa wewe. Ni njia ya kusema: kifo hakimo humu. Lakini asubuhi ile jirani yake Murekatete alimpitishia kidumu cha mashanza juu ya ua, na Kétsia akakipokea mbio mbio, mtoto mgongoni, shingo imegeuka kuangalia kama mkwewe amekwisha kurudi kutoka misa. Mashanza ni maziwa yaliyoachwa yakaganda na kuchacha vizuri, na ya Murekatete yalisifiwa mpaka sokoni. Tena walikuwa marafiki. Kati ya marafiki, nani humwonjea mwenzake?

Sasa Muhindo, mumewe, alikuwa akiunguruma kitandani kwa maumivu, macho ameyafumba kwa nguvu.

"Kichwa," alimwambia mkewe. "Mama Émi, kichwa inapasuka."

"Umesikia?" Kasoki akamgeukia mkaza mwanawe. "Mutoto wangu alikunywa, jua haijasogea, kichwa inapasuka. Ile ni karuho. Yule mwanamuke amemupa karuho."

Neno lenyewe lilitosha kuifanya nyumba iwe baridi. Karuho ni sumu ya kutiliwa, na hakuna mtu wa Kivu asiyekuwa na ndugu au rafiki ambaye watu walisema imemwondoa. Nao husema haitibiwi hospitali: ukimchoma sindano mwenye karuho, umemmaliza. Dawa yake ni kutapika. Kwa hiyo Kasoki hakungoja. Merdi, mdogo wake Muhindo, alikuwa uani akifuta matope kwenye pikipiki yake, na mama yake akampigia kelele atoke mbio, aende ng'ambo ya kilima kwa Papa Sylvain, mtapishaji, alete chupa.

"Na ukipita kwa ule mama wa maziwa," akaongeza, "umuambie mutoto wangu akikufa, Ngungu yote itajua ni nani."

Pikipiki ikaondoka ikirusha matope.

Kétsia alikaa ukingoni mwa kitanda akamtazama mumewe. Uso na shingo vilikuwa vyekundu, jasho likimtiririka kama mtu aliyetoka kupakua lori, ilhali miguuni, alipofunua kidogo, vinyweleo vilikuwa vimesimama kama vya mtu mwenye baridi. Kasoki alikuwa amemlaza chali, akamfunika mablanketi mawili ili homa itoke. Mtoto Émilienne alijinyonganyonga mgongoni mwa mama yake.

Na Kétsia alikwisha kuambiwa habari ya siku hii.

Muhindo alikuwa dereva wa lori, akipeleka bidhaa za duka lao hadi Walikale na kurudi na mawese. Upande wa Itebero, njia ilimeguka, lori likalala, na pipa la mawese likamwangukia mgongoni. Tangu siku ile, kutoka kifuani kwenda chini, mwili wake ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Watu wakimwona dukani kwenye kigari chake cha magurudumu hufikiri ugonjwa wake ni miguu. Miguu ni jambo dogo. Aliyelala naye nyumba moja ndiye anayejua kwamba utumbo nao ulikuwa umepoteza habari: umejaa, haujui, umefunga, hausemi.

Kule Goma walikomtibu, mtu wa mazoezi ya viungo aliyeitwa Hilaire aliwafundisha wote wawili. Kila asubuhi baada ya chai, mgonjwa akae kwenye kiti chenye tundu, asuguliwe tumbo polepole, kisha mke atie vaselini kwenye kidole cha glavu amsaidie kufungua. Kétsia aliona aibu mara ya kwanza. Hilaire hakucheka wala hakumhurumia.

"Mama, munatoka Masisi, munajua ng'ombe," alisema. "Basi na ndani ya tumbo kuna mifugo, midogo midogo, jicho haiione. Bwana yako hawezi tena kuisikia, lakini bado iko. Uilishe. Mashanza, ndizi iliyoiva, majani ya sombe, maharagi, maji. Sikuambii ni dawa ya mugongo. Mugongo ni mugongo. Nakuambia tumbo yenye kulishwa vizuri haikuletee vita asubuhi."

Na ilikuwa kweli. Tangu walipoanza kununua mashanza kwa Murekatete, asubuhi zao zilikuwa nyepesi, mpaka Muhindo akawa anatania kwenye kile kiti: "Leo ng'ombe yametoka malishoni mapema."

Kisha mama yake akaja kumwona mjukuu.

Alikuja kwa siku chache. Lakini huko chini mapigano yakazuka, barabara ikafungwa, mtandao wa simu ukaanguka, na siku chache zikaota mizizi. Kasoki alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye upendo wa kushika sufuria. Jambo la kwanza alimwaga mashanza nje. Maziwa yaliyooza, alisema, yatampa nini mtu mgonjwa? Akampikia mwanawe vyakula vya nguvu: ugali mgumu uitwao bukari, samaki wa chumvi waitwao makayabo, wali. Muhindo akala, kwa sababu mtoto hakatai sufuria ya mama yake.

Na kile kiti cha asubuhi akakikataa.

"Mama akiwa hapa, hapana," alimnong'onezea mkewe. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na pazia. "Atasikia. Atajua kama bibi yangu ananitolea mavi na kidole. Mama Émi, kwetu mwanaume hata nguo yake ya ndani haitajwe mbele ya mama yake."

"Ni mama yako."

"Njo sababu. Apa. Apa kwa mutoto hutamuambia."

Kétsia aliapa. Kila jioni waliambiana: kesho barabara itafunguliwa, kesho ataondoka. Na tumbo la Muhindo likavimba, likawa gumu, hata asubuhi ile Kétsia akashindwa kuvumilia akaenda kuomba mashanza kwa siri. Muhindo aliyanywa yote. Lakini mlango uliokwisha kukomewa hivyo haufunguki kwa kikombe kimoja.

Mbele ya kitanda, sasa, ndipo maneno mengine ya Hilaire yalipomrudia, yale aliyoyasema siku ya kuagana, amesimama na kidole hewani: "Siku kichwa itamupiga kwa gafula, uso mwekundu, jasho juu na baridi chini, usimulaze. Umukalishe. Mwili yake inapiga kelele kwa njia moja tu yenye imebakia. Tafuta nini imejaa: mukojo ao tumbo. Na usichelewe, mama. Mushipa wa kichwa unaweza kupasuka."

Kétsia akayavuta mablanketi yote mawili akayatupa chini.

"Uko unafanya nini?" Kasoki alisema.

"Nisaidie tumukalishe, Mama. Hatakiwe kulala."

"Mugonjwa halale? Ulisikia wapi?"

"Goma. Tulifundishwa."

"Goma! Walikufundisha karuho huko Goma?"

Kétsia alipitisha mikono chini ya makwapa ya mumewe akavuta, na kwa vile alikuwa amezoea, akamkalisha, akamwegemeza ukutani, akaishusha miguu yake ining'inie. Akamfungua mkanda. Akafuata mpira wa mkojo kwa vidole toka mwanzo hadi kwenye mfuko: haukujikunja, mkojo ulikuwa ukitiririka. Si mkojo. Basi ni lile jambo alilojua tangu mwanzo.

Nje sauti zilianza kukusanyika. Merdi alikuwa amefikisha ujumbe wa mama yake, pengine kwa kuongeza chumvi, maana watu wa sokoni walikuwa tayari wamesimama uani na miavuli, mvua ikiwa imeanza. Mmoja wao akapita katikati ya wengine bila mwavuli, kanga imelowa, kidumu kingine, kikubwa, mkononi. Ni Murekatete.

"Hodi," alisema mlangoni, lakini hakungoja kukaribishwa. "Nilisikia nimeua muntu. Nimekuja kuona maiti."

"Usiingie!" Kasoki akaziba mlango.

"Siingii. Ile maziwa niliyompa mukamwana wako ilitoka humu." Akainua kidumu, akanywa, akameza kwa sauti ili watu wasikie, akanywa tena. "Haya. Tungoje pamoja."

"Mwenye kuweka sumu hakosake dawa yake nyumbani," Kasoki alisema. "Ungekunywa asubuhi, ningekuamini. Sasa ni michezo."

Uani mtu mmoja akaguna kuonyesha kwamba neno limefika. Murekatete akatabasamu vibaya, tabasamu la mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu.

"Mama Émi," Muhindo aliita kwa sauti iliyotoka mbali. "Sioni muzuri."

Kétsia akainama hadi sikioni kwake. "Niache niseme."

"Hapana."

"Papa Émi, utakufa."

"Uliapa kwa mutoto."

Ndipo akaisikia pikipiki ikipanda mlima. Alijua kitakachofuata kama anayekiona. Merdi ana nguvu. Atamshika kaka yake, mama atammiminia chupa kinywani. Na kifua cha Muhindo hakina nguvu ya kukohoa; hata chai ikimpalia hupigwa mgongo mpaka machozi yamtoke. Akitapika, matapishi yatamwingia mapafuni, naye atazama palepale kitandani, mbele ya watu wanaompenda.

Alifungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni. Akatoka naye hadi mlangoni, akampita mkwewe, akamweka Émilienne mikononi mwa Murekatete.

"Unishikie, dada."

Kasoki akafungua kinywa, lakini Kétsia alikuwa amekwisha kumgeukia.

"Mama, sikia. Ni aibu kusema, lakini nitasema. Muhindo hajaenda choo tangu siku ya pili ya kufika kwako. Hawezi kwenda peke yake. Haisikie. Kila asubuhi ni miye namutoa, na mukono yangu, na ulipofika akakataa juu alikuogopa. Tumbo imejaa mpaka damu inapanda kichwani. Haiko karuho. Ni mavi, Mama. Mutoto wako anakufa juu ya mavi."

Alilisema neno lile mara mbili kwa sauti ya kufika uani. Nyuma yake Muhindo akatoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, hata kule Goma hospitalini.

Merdi akaingia, maji yanamdondoka, chupa ya majani ya kijani kifuani. "Nimeleta! Papa Sylvain anasema yote, kwa mara moja."

Kasoki akaichukua chupa. Akaitazama, akamtazama mwanawe aliyeegemea ukuta, tumbo limetuna chini ya shati kama la mama mja mzito.

"Muhindo. Ni kweli?"

Muhindo hakufungua macho. Machozi yalipita chini ya kope, yakachanganyika na jasho.

"Merdi, toka," Kasoki alisema.

"Mama, dawa..."

"Toka, nimesema! Na ufunge mulango." Kisha akamwambia Kétsia, sauti imepungua lakini haijalainika: "Fanya. Miye niko hapa na chupa yangu. Ukishindwa, namutapisha."

Walimbeba wawili hadi kwenye kiti chenye tundu. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Kichwa kikamwangukia mbele, na alipokuwa akiteleza, Kasoki hakuwa na la kufanya ila kuiweka chupa chini na kumkumbatia, kifua kwa kifua, paji la uso la mwanawe begani mwake. Kétsia akavaa glavu, akachota vaselini ya kutosha, akapiga magoti nyuma.

Polepole, Hilaire aliwahi kusema. Ukienda kwa nguvu, kichwa itazidi.

Kikazidi hata hivyo. Mara ya kwanza tu Muhindo akapiga yowe, na mikono yake ikamkaza mama yake.

"Unamuua!" Kasoki alisema.

"Naachia. Naachia, Mama. Tungoje."

Wakangoja. Hakuna kazi ngumu kama kungoja mtu akiwa anakufa mbele yako. Nje mvua ilipiga mabati. Kétsia alimsugua tumbo kwa kiganja, akizungusha, akizungusha, akimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayamo katika sala yoyote ya kanisani. Akaongeza vaselini, akajaribu tena. Kitu kilikuwa kigumu kama jiwe la mtoni. Alikimega kidogo. Akasubiri. Akamega tena.

"Ongea naye, Mama," alisema bila kuinua uso.

"Nimuambie nini?"

"Chochote."

Kasoki akaanza kwa Kinande, lugha ya kwao, maneno ya chini ambayo Kétsia hakuyafahamu yote; jina la kilima fulani, jina la mtu aliyekufa zamani. Halafu akarudi kwenye Kiswahili, kana kwamba alitaka mkaza mwanawe naye asikie.

"Ulizaliwa nyumbani, unajua? Mukunga alichelewa. Mavi yako ya kwanza, nyeusi kama lami, ni miye nilifuta, na hii mikono. Sasa nani alikuambia nimesahau? Eh, Muhindo? Umenificha mavi, miye?"

Mabega ya Muhindo yalianza kutikisika. Kétsia alifikiri ni degedege. Kumbe alikuwa analia, kilio cha wazi, na katika kile kilio, au kwa ile mikono iliyomshika, au kwa mashanza ya asubuhi yaliyokuwa hatimaye yamefika kwenye kazi yake, nani ajuaye, kile kilichoziba kikasogea. Kikatoka. Kisha kingine, na kingine, na sauti yake na harufu yake vikajaa chumba, na hakuna aliyeziba pua.

"Endelea," Kasoki alinong'ona. "Endelea, mukamwana, iko inatoka."

Wekundu ulianza kumtoka Muhindo shingoni. Baadaye kidogo akainua kichwa begani mwa mama yake, akavuta pumzi ndefu.

"Inapungua," alisema.

"Nini?"

"Kichwa. Inapungua."

Kétsia alikaa sakafuni. Mkwewe akainama akamvulia glavu, moja, kisha nyingine, kwa ncha za vidole.

Walipokwisha kumwosha na kumkalisha kwenye mito, Kétsia alimkaribia mumewe. Mume hakumtazama.

"Uliapa," alisema Muhindo.

"Niliapa. Nimevunja."

"Soko yote imesikia."

"Imesikia. Na kesho soko yote itakukuta dukani." Alimfuta jasho lililobaki masikioni. "Unikasirikie, Papa Émi. Unikasirikie hata mwaka. Niko na hamu ya kuona unanikasirikia."

Mkono wa Muhindo ulipoangukia juu ya wa mkewe, hakuuondoa.

"Anfirmie, ule muuguzi wa kituo cha afya, akirudi toka Sake, amupime ile damu," Kasoki alisema. Alikuwa amesimama, anafunga kitenge upya. "Na kesho asubuhi muniamushe, nione munafanyaje. Siku moja utakuwa mugonjwa weye, nani atamufanyia?"

Kisha akalichukua beseni lililokuwa chini ya kiti chenye tundu. Kétsia akaruka. "Mama, acha, ni kazi yangu."

"Kaa."

Hakulifunika. Alifungua mlango, akatoka nalo katikati ya watu wa sokoni, na miavuli ikampisha pande zote mbili hadi chooni. Hakuna aliyethubutu kucheka. Merdi aliangalia matairi ya pikipiki yake.

Chini ya upenu, Murekatete alikuwa amekaa kwenye kidumu chake kilicholazwa, Émilienne amelala kifuani kwake. Hakusimama Kasoki alipokuja mbele yake.

"Ni tumbo ilifunga," Kasoki alisema, akitazama pembeni. "Imefunguka."

"Kumbe." Murekatete alimpapasa mtoto mgongoni. "Tumbo ilifunga. Na miye mwenye kuleta cha kufungua njo muliniita muchawi."

"Nilisema vibaya."

"Ulisema mbele ya bantu."

Kasoki akageuka. Watu walikuwa bado wapo. Nani angeondoka sasa? Akavuta pumzi.

"Munasikia wote? Huyu mama hakumupa mutoto wangu kitu mubaya. Miye njo nilimwaga mashanza, na nikamulisha bukari na makayabo mpaka tumbo ikakataa. Muende nyumbani. Munamaliza mvua yetu."

Mtu akacheka, wengine wakafuata, na uani pakaanza kuwa wazi.

Kasoki akanyoosha mikono. "Unipe mujukuu wangu."

Murekatete aliitazama ile mikono, akaitazama kwa utulivu, mbele na nyuma.

"Kunawa kwanza," alisema. "Na sabuni."

Mlangoni Kétsia alishikilia nguzo asije akacheka, wala asije akalia. Alimwona mama mkwe wake, yule aliyekuwa hapokei neno la mtu, akienda hadi kwenye pipa la maji ya mvua, akainama na kuuliza bila kugeuka:

"Mukamwana! Sabuni muliweka wapi?"